Fundi wa saa na vidani anapolipwa kwa simu au kadi: ufundi unakopesheka, dhahabu haikopesheki

 

Limetufikia suali kutoka Lupaso, wilaya ya Masasi, kusini mwa bara. Muulizaji ni kijana mzaliwa wa Pemba anayefanya kazi ya ufundi huko. Anasema: "Sheikh, nina meza yangu ya kutengenezea saa na vidani. Wateja wengi hawana fedha taslimu. Wapo wanaonilipa kwa simu, wapo wanaouliza kama nina mashine ya kadi, na wengi huniambia niwafanyie kazi, korosho zikiuzwa watanirushia. Bangili ikikatika au mkufu ukipungua mimi huongeza dhahabu yangu kidogo, nikaihesabu pamoja na ufundi, likawa deni moja. Mzee mmoja msikitini kaniambia hiyo ni riba. Nilipomhadithia mama yangu Pemba, kasema nisimtumie tena fedha mpaka nijue hukumu yake. Nifanye nini?"

Tungeweza kumjibu peke yake, lakini jambo hili halikai Lupaso tu. Linafanyika Darajani, linafanyika Chake Chake, na linafanyika zaidi miezi ya harusi ambapo kila familia ina safari ya kwa sonara. Kwa hiyo tumeona tulieleze kwa urefu.

Lupaso wengi wetu tunaijua kwa kuwa ndiko alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na ndiko alikozikwa Julai 2020. Kwa muulizaji wetu la muhimu zaidi ni korosho. Upande ule wote, Masasi chini na Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, fedha ya watu huja kwa msimu. Tangu mwaka 2007 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, korosho huingia ghala kuu, huuzwa kwa mnada kuanzia mwezi wa Oktoba au karibu yake, kisha malipo hupitia benki. Basi mtu anaweza kuwa na haki yake iliyo wazi lakini mkononi hana kitu, anangoja ujumbe wa simu. Fundi naye hawezi kufunga meza miezi minane akisubiri mnada. Tunalitaja hili ili ndugu zetu wa visiwani wasimuone kijana huyu kuwa ni mzembe wa dini. Dhiki yake ni ya kweli, na sisi tunayo mfano wake katika msimu wa karafuu.

Sasa tuingie kwenye hukumu. Kosa lililomtatiza halikuanzia kwenye simu wala kadi. Limeanzia pale alipochanganya vitu viwili katika hesabu moja. Fundi anapokuwa mezani kwake anauza vitu viwili tofauti: kazi ya mikono yake, na mali anayoiongeza. Kazi ya mikono ni ijara, yaani kukodisha nguvu na ujuzi. Ijara inafaa kulipwa mbele, kulipwa papo hapo, au kulipwa baadaye kwa muda unaojulikana. Akisema "ufundi shilingi elfu arubaini, utanilipa mwisho wa Novemba", hapana ubaya wowote, maadamu kima kinajulikana na muda umetajwa. "Korosho zikiuzwa" si muda uliotajwa, kwa sababu mnada huweza kuchelewa na malipo nayo yakachelewa. Ataje tarehe, na tarehe ikifika mdaiwa hana kitu amuongezee muda bila ya kuongeza senti.

Mali anayoongeza ndiyo inayotaka kutazamwa. Ikiwa ni betri ya saa, kioo, mkanda au mashine mpya ya saa, hiyo ni bidhaa ya kawaida. Auze taslimu, auze kwa deni, apokee malipo ya mbele, yote yanafaa. Kwa hiyo upande wa saa muulizaji hana tatizo, isipokuwa tumkumbushe kuwa saa ya dhahabu ya kuvaa mwanamume asiitengeneze, kwani kuivaa kwa mwanamume ni haramu na kumsaidia ni kushirikiana naye katika hilo.

Ikiwa mali anayoongeza ni dhahabu, hapo mlango umebadilika. Katika Hadithi ya 'Ubaadah bin as-Swaamit (Radhiya Allaahu 'anhu) iliyopokelewa na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametaja vitu sita, wa kwanza ni dhahabu na wa pili ni fedha, kwamba vikibadilishwa jinsi moja kwa jinsi moja lazima viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na jinsi zikihitilafiana watu wauziane watakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Na noti zetu? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Amman mwaka 1986 iliamua kuwa noti ni thamani kamili, ina hukumu za dhahabu na fedha katika riba, zaka na mengineyo. Wapo waliotangulia katika madhehebu yetu ya Kishafi walioona kuwa sarafu zisizo za dhahabu wala fedha haziingii katika riba hata zikitumika sokoni, na wapo walioikisia noti kwa hizo. Lakini leo mishahara, mahari na zaka zetu zote ni noti. Kuitoa noti katika mlango wa riba ni kuufunga mlango wenyewe.

Kwa hiyo shilingi na dhahabu ni jinsi mbili. Bei ni mnayokubaliana, ila hazichelewani: dhahabu ikitoka, shilingi iingie, katika kikao kile kile. Hapa ndipo alipokosea kijana wetu, na yule mzee wa msikitini amesema kweli.

Tuchukue mfano wenye hesabu ya kufikirika. Bi mkubwa kaleta bangili yake ya gramu 12 iliyokatika, na inataka gramu 2 zaidi ili irudi katika umbo lake. Gramu moja tuihesabu laki tatu. Dhahabu ya kuongeza basi ni laki sita, ufundi elfu arubaini. Fundi akimkabidhi bangili na kumuandikia deni la laki sita na elfu arubaini, zile elfu arubaini ni sahihi na zile laki sita ni riba ya kuchelewesha, ijapokuwa hakumzidishia hata shilingi moja juu ya bei ya soko. Wengi hudhani riba ni lazima iwe na nyongeza. Katika dhahabu na fedha, kule kuchelewesha peke yake kunatosha.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo, nao ndio unaowagusa zaidi wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Mzazi wa bwana harusi anakwenda kwa sonara, anachagua umbo la kidani kwenye picha, analipa nusu kwa simu, na kidani kinakuwa tayari baada ya wiki tatu. Shilingi zimetangulia, dhahabu imechelewa. Hukumu ni ile ile. Huu si uuzaji wa kitanda au kabati ambao fundi hulipwa mbele akaenda kununua mbao.

Njia za halali zipo, wala si nzito. Yule bi mkubwa aulizwe kwanza kama ana dhahabu nyengine iliyokufa ndani ya sanduku, hereni iliyobaki moja, kipini kilichopinda. Iyeyushwe iingie katika bangili yake, na fundi adai ufundi tu, ambao anaweza kumkopesha. Au bangili ipunguzwe, itoke nyembamba. Au bi mkubwa anunue gramu 2 zile leo, alipe zote, apokee dhahabu mkononi mwake hata kama ni kipande cha kuyeyushia, kisha amrejeshee fundi ili aifanyie kazi. Baba wa bwana harusi naye afanye hivyo: anunue dhahabu iliyopo dukani kwa mizani, aipokee, kisha aiache kwa sonara kwa ijara ya kuitengeneza. Au wakubaliane kwa ahadi tu, bila ya kufunga biashara, na siku kidani kinapokuwa tayari wafunge biashara kwa bei ya siku hiyo, fedha zote na kidani vipishane. Sonara akiogopa kuwa mteja hatorudi, anaweza kuwekewa fedha kama amana, ibaki kuwa mali ya mteja mpaka siku ya kufunga biashara. Amana hiyo asiifanyie biashara, kwani akiitumia imekuwa mkopo.

Ipo njia moja zaidi inayomfaa mtu wa Lupaso. Fundi amkopeshe bi mkubwa gramu 2 za dhahabu, qardhi safi, arejeshewe gramu 2 za karati ile ile. Hii si biashara, ni ihsani, na haifai imletee faida, kwa hiyo asipandishe ufundi kutoka elfu arubaini kufika elfu themanini kwa sababu ya mkopo huo. Siku ya kulipa, ikiwa bi mkubwa hana dhahabu lakini korosho zimemlipa shilingi, wanaweza kukubaliana siku hiyo kwa bei ya siku hiyo, na zilipwe zote kabla hawajaachana. Dalili yake ni Hadithi ya Ibn 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhumaa), aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari akapokea dirhamu badala yake. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimruhusu kwa sharti la bei ya siku hiyo na wasiachane kukiwa kumebaki kitu baina yao. Wasikubaliane bei ya shilingi tangu mwanzo, kwani hapo mkopo umegeuka kuwa biashara ya kuchelewesha kwa jina jengine.

Kuhusu lehemu, ile chembe ya kuungia, wanachuoni wamezungumzia uzi wa mshonaji na wino wa mwandishi, na wengi wakarejesha kwenye ada ya watu. Lehemu chache ambayo haionekani kwenye mizani inafuata ufundi. Ikionekana kwenye mizani, ihesabiwe kuwa ni dhahabu.

Tuseme neno pia juu ya kubadilisha kidani cha zamani kwa kipya, kwani masonara wengi hufanya hivyo siku nzima. Gramu 20 za zamani kwa gramu 15 mpya "kwa sababu ya ufundi", haifai. Hata kidani kipya kiwe na nakshi za ajabu, dhahabu kwa dhahabu ni uzito kwa uzito. Majmaa imelisisitiza hili katika kikao cha Abu Dhabi mwaka 1995. Ni kweli Ibn Taymiyyah na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wameona kuwa dhahabu iliyofuliwa kuwa pambo imetoka katika kuwa thamani ikawa kama bidhaa, na baadhi ya watu wa leo wanashikamana na kauli hiyo. Jumhuri, pamoja na Imamu ash-Shaafi'iy, wako kinyume chake, na Hadithi ya Fadhaalah bin 'Ubayd kuhusu mkufu wa Khaybar wenye dhahabu na shanga ina nguvu upande wao, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza usiuzwe mpaka dhahabu yake itenganishwe. Njia ni ile aliyofundishwa Bilaal katika tende: uza chako kwa shilingi, pokea shilingi zako kweli kweli, kisha nunua unachotaka, kwa sonara huyo huyo au kwa mwengine.

Sasa "kupokea kweli kweli" kwa simu na kadi kuko vipi? Hapa ndipo watu wa zama zetu wanapotatizika, na kwa hakika jambo limeshatafitiwa. Majmaa katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990 iliamua kuwa fedha kuingizwa katika akaunti ya mtu ni kupokea kwa kihukumu, kama vile imewekwa mkononi mwake. Ikasamehe pia ule ucheleweshaji wa kawaida wa kibenki unaojulikana sokoni, kwa sharti kuwa mwenye kupokea asiitumie fedha hiyo mpaka iwe imeingia kweli.

Tukiipeleka kwenye simu: mteja akilipa kwa M-Pesa au huduma nyengine kama hiyo, na salio la fundi likaongezeka hapo hapo, huko ni kupokea kusiko na shaka. Dhahabu ikabidhiwe. Mteja akisema "nimeshatuma, mtandao unasumbua tu", bado hakujapokewa kitu. Wakae, wangoje, au dhahabu ibaki mezani. Na fundi asitazame ujumbe, atazame salio. Ujumbe wa uongo huandikwa na yeyote mwenye simu, na mafundi wengi wamekabidhi mali kwa maandishi tu. Mteja anayelipa, akachukua kitu chake, kisha akapiga simu kwa kampuni kudai kuwa alikosea namba ili muamala urudishwe, huyo ni mwizi, hata akijiita mjanja.

Kadi ya benki inayokata kwenye akaunti ya mwenyewe ina hukumu hiyo hiyo. Mashine ikikubali, fedha imeshatoka kwa mteja na benki imejifunga kumlipa fundi. Ikiingia kwenye akaunti ya fundi kesho yake, huo ni muda uliosamehewa. Majmaa iliruhusu wazi, katika kikao cha Maskat mwaka 2004, kununua dhahabu na fedha kwa kadi iliyo na fedha ya mwenyewe ndani yake. Ama kadi ya mkopo isiyo na fedha nyuma yake, kikao cha Riyadh cha mwaka 2000 kilikataza kununulia dhahabu na fedha. Na mkataba wake ukiwa na sharti la kulipa zaidi ukichelewa, hiyo haifai kuchukuliwa hata kwa kununulia mchele.

Mfano wake kwenye simu ni zile huduma zinazomkopesha mtu pale salio lisipotosha, kisha zikamkata ada kila siku deni linapokaa. Kenya ipo Fuliza tangu 2019, na huku kwetu zipo za namna yake. Ada inayokua kwa siku juu ya mkopo ni riba, iitwe huduma au iitwe nyenginevyo. Fundi anayelipwa kwa fedha hiyo hana dhambi, kwani kwake imeingia kama malipo halali na hajui ilikotoka. Dhambi iko kwa aliyekopa. Lakini asimwambie mteja "kopa kwenye simu unilipe".

Makato je? Kampuni ya simu au benki ikimkata fundi kitu kwa kila malipo, hiyo ni ujira wa kazi yao ya kupitisha fedha, na unafaa. Kikao kile cha Riyadh kiliruhusu benki kuchukua ujira kwa mfanyabiashara, kwa sharti bei ya kadi iwe sawa na bei ya taslimu. Sharti hilo lilisemwa katika kadi za mkopo, ili nyongeza isije ikawa malipo ya mkopo. Mteja anayelipa kwa fedha yake mwenyewe hana mkopo. Ile ada yetu ya kusema "weka na ya kutolea" inafaa ikiwa imesemwa kabla ya kukubaliana, ikaingia ndani ya bei. Kusema ufundi ni elfu kumi, kazi ikaisha, mteja kashika simu, ndiyo akaambiwa aongeze ya kutolea, hapo anakula kisicho chake. Na katika kurudisha dhahabu iliyokopwa kwa gramu, ya kutolea haina nafasi kabisa isipokuwa kwa ridhaa ya mlipaji bila ya kuombwa.

Kidani kikipotea mezani bila ya uzembe wa fundi, kauli yenye nguvu kwetu Mashafi, kama ilivyo katika Minhaaj ya Imamu an-Nawawiy, ni kuwa halipi, kwa sababu mkono wake ni mkono wa amana. Madhehebu ya Maalik inamlipisha. Kwa hiyo aandike: uzito wakati wa kupokea, uzito wakati wa kurejesha, kilichoongezwa, kilicholipwa, kilichobaki. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan imeshuka kwa ajili ya kuandika deni. Karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa ufundi na mmoja wa dhahabu, ingemuepusha kijana wetu na suali hili lote.

Ama yaliyokwishapita. Madeni ambayo hayajalipwa ayatenganishe leo. Sehemu ya ufundi anaidai kama ilivyo. Sehemu ya dhahabu, biashara yake haikusihi, kwa hiyo anachodai ni gramu zake, na wateja wanaweza kumpa gramu au kukubaliana naye kwa bei ya siku ya kulipa, yote kwa mara moja. Mwenye kupata bei ndogo kuliko ile ya mwanzo, ni haki yake. Mwenye kupata kubwa, fundi amhurumie, arudi kwenye bei ya chini. Yale aliyokwishapokea zamani kwa kutojua, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aala) Amesema katika Suratul-Baqarah kuhusu mtu aliyefikiwa na mawaidha akaacha, kwamba yaliyopita ni yake. Hatakiwi kuwatafuta wateja wa miaka iliyopita mmoja mmoja kutoka Lupaso hadi Newala.

Na mama yake aliyeko Pemba tunamwambia: Allaah Akulipe kheri kwa kuuliza kabla ya kula. Fedha aliyokutumia mwanao ni jasho la mikono yake, pokea na umuombee dua. Sehemu iliyoingia shaka ilikuwa ni hesabu ya dhahabu, na ameshaelezwa njia yake.

Wallaahu a'lam.